Jiwe Lisilale Kikapuni

Siku mliponiaga mlinipa kitenge, sufuria mbili na saa ya ukutani. Mtu anastaafu, hana tena pa kuwahi, ndipo anapewa saa. Haya, nashukuru, nimeitundika na inatembea. Zuhura alinishika mkono pale getini akaniambia, "Bi Mwanaidi, utuandikie basi, hata ukurasa mmoja. Wapya wanakuja na hawajui kazi ilivyokuwa." Nikamwambia nitaandika. Ukurasa mmoja umenishinda, mtanivumilia.

Vyeo na mishahara siviandiki. Vyeo sikupata vya kutosha kusimulia, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari ya njia ya kwenda Mawifi, maana ndiyo niliyoitembea maisha yangu yote, na habari ya jiwe moja ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Kwa atakayesoma na hajafika: hifadhi yetu iko vilimani Kisarawe. Watu huja asubuhi, hupanda kwa miguu mpaka kwenye majabali, hula walichobeba, hushuka kabla jua halijazama. Majabali yenyewe ni matatu. Mawili yameinamiana vichwa kama wanawake wanaosengenya, la tatu limesimama kando, limeyapa mgongo. Ndiyo maana yakaitwa Mawifi, na wazee wanasema lile la kando ndiye mke aliyeolewa. Siku isiyo na ukungu, ukisimama pale juu unaiona bahari kule mashariki, mstari mwembamba tu wa buluu. Wageni huipiga picha, halafu hulalamika kwamba haionekani kwenye simu.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa Gwata, nimetoka kupalilia mihogo ya mama, sijawahi kuvaa kiatu kinachofika kwenye goti. Siku ya kwanza nilipewa panga, filimbi isiyolia na gambuti namba tisa. Mguu wangu ni namba tano. Nikajaza matambara mle ndani nikaenda kuripoti kwa Mzee Pazi, aliyekuwa mkubwa wa waongozaji. Alikuwa mtu wa Chole, mfupi, mkavu, ugoro mdomoni, na alichukia manukato ya wageni kuliko alivyochukia nyoka.

"Shikamoo, babu," nikamwamkia.

"Marahaba. Babu yako yuko kwenu. Mimi Pazi." Akanitazama zile gambuti. "Unaweza kutembea nyuma?"

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya wote."

Mbele, alinieleza, anakaa mwanamume, wageni wasije wakasema hifadhi imeishiwa watu. Nikawekwa mkiani, na mkiani nikakaa mpaka nilipostaafu. Wenzangu wakaniita Bi Mkia. Wiki ya kwanza nililia kwa hasira, wiki ya pili nikazoea, na kufika masika ya kwanza ningekutoa roho kama ungetaka kuninyang'anya mkia wangu. Yule wa mbele anatazama njia, na njia haibadiliki. Wa nyuma anatazama watu.

Mkiani unajifunza visigino. Anayecheka kwa sauti getini ndiye atakayekaa chini wa kwanza. Mwenye viatu vipya, mpe mlima mmoja tu ataomba plasta. Anayemaliza maji kabla ya mteremko wa kwanza, muwekee akiba kwenye kidumu chako wala usimwambie. Mwanamume anayekataa kupokelewa begi, mwache, lakini ukae karibu. Haya hayamo kwenye mafunzo yenu ya semina.

Lakini niseme na hili, maana hakuna aliyeniambia mimi. Mkiani ni mahali pa upweke. Mbele kuna vicheko na hadithi, wewe unasikia mwangwi tu. Mtu akibaki nyuma ataongea nawe kwa sababu amechoka, atakusimulia ndoa yake na ugonjwa wake, halafu akipata pumzi anakuacha anawafuata wenzake. Jioni wanapopeana mikono ya kwaheri, wanampa wa mbele. Miaka nenda miaka rudi, nimetembea na maelfu ya watu na ninachokumbuka ni migongo yao.

Mzee Pazi aliniachia kanuni mbili, na zote mbili zinahusu haya ninayotaka kusema.

Ya kwanza ni ya mawe. Kwake yeye watu hawahesabiwi mmoja, wawili, watatu, kama mbuzi mnadani. Huko ni kuwaitia mkosi. Kwa hiyo kila anayeingia aliokota kokoto pale getini akaitia kwenye kikapu cha ukili. Akirudi anatoa moja, anaitupa, anakwenda zake. Kikapu kikiwa kitupu, watu wote wameshuka, geti linafungwa. "Jiwe lisilale kikapuni," alikuwa akisema kila jioni, na hakuwahi kueleza kwa nini. Sisi wa kazini hatukuweka mawe. Nilimuuliza sababu, akanijibu, "Wewe ukibaki huko juu, nani atafunga geti? Lazima urudi." Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Kanuni ya pili: ukiitwa msituni, usiitike mwito wa kwanza. Binadamu ataita tena. Asiye binadamu huita mara moja tu, ukimwitikia umekwisha. Nyumbani Gwata bibi yangu alisema vilevile, kwa hiyo hapo sikuwa na swali.

Mzee Pazi alistaafu, akarudi kwao Chole, akaishi misimu michache, akafa. Tulikwenda kumzika, nami nikarithi kikapu. Kesi ngumu zilikuja na kupita. Kuna bibi harusi aliyepanda na shela lote ili apigwe picha na majabali, nikalibeba pindo lake kwa saa mbili kama mtumishi wa sultani. Kuna bwana mmoja aliyepandisha spika kubwa mgongoni, nyuki wakamtuza. Hizo ni za kuchekesha. Hii ya Mwalimu Gervas haichekeshi.

Alikuja asubuhi moja ya vuli, mtu mzima kunizidi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kofia kichwani, mfuko wa viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya chai. Alikuwa amefundisha shule moja Kibaha miaka mingi, kwao ni bara, mkewe ameshafariki.

"Shikamoo, Mwalimu. Uko na nani leo?"

"Marahaba. Niko na mimi."

Mtu mmoja haruhusiwi kupanda peke yake, kwa hiyo nikamuunga na kundi la watu wa ofisi moja ya Dar, waliokuja na basi lao. Nikamuuliza kama ana simu. Akasema, "Nimeiacha nyumbani. Hakuna anayenipigia, ya nini niitembeze?" Nikacheka. Mungu anisamehe, nilidhani ni utani.

Shabani, mwongozaji mwenzangu, alikaa mbele, mimi mkiani. Kule juu wingu likatanda ghafla, na wakati huohuo binti mmoja wa ofisini akaanguka akazimia. Kumbe hakuwa amekula tangu jana yake, anajipunguza mwili kwa ajili ya sendofu. Nikamtia mgongoni nikashuka naye kwa njia ya mkato, na nikamwambia Shabani, "Mkia nakuachia wewe." Akasema sawa. Ila Shabani miguu yake ilizoea mbele. Mvua ilipoanza kumwagika, watu wakakimbia naye akakimbia nao, na nyuma yao hakukuwa na mtu wa kutazama visigino.

Getini ilikuwa vurugu tupu. Wameloa, wanapiga kelele, dereva anapiga honi, wanatia mikono kikapuni kama watoto kwenye bakuli la bisi, huyu katoa mawili, huyu kapita tu. Basi likaondoka. Nikatazama kikapuni, limebaki jiwe moja.

"Watu wa maofisini hao," akasema Shabani. "Mmoja kasahau."

"Na yule Mwalimu?"

"Si amepanda basi na wenzake? Nimeona kofia yake."

Hapo ndipo tukasikia. Sauti kutoka juu, mbali, katikati ya mvua: "Eeee!" Mara moja. Tukatazamana.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia. Ngoja iite tena."

Tukangoja. Mvua inapiga bati, sisi tumesimama chini ya kibaraza, masikio yote juu. Haikuita tena. Shabani akasoma alichosoma kimoyomoyo, akachukua baiskeli yake akaondoka. Nikabaki na lile jiwe. Nitawaambia nilichofanya, na nimeandika kurasa zote hizi ili nifike hapa. Jiwe lisilale kikapuni, nilijiambia, mkosi. Nikalichukua, nikalirusha kichakani, nikafunga geti. Na nilijiona nimemaliza kazi yangu vizuri.

Usingizi haukuja. Ile sauti ilikuwa inanikera. Jini gani anaita kwa sauti ya mtu anayeona haya? Baada ya swala ya alfajiri nikapanda peke yangu, gambuti zinateleza, filimbi mdomoni, si ile ya kwanza isiyolia. Nilimkuta chini ya lile jabali la tatu, lile la kando, ameegemea, mguu umevimba kama kinu, kifuniko cha chupa ya chai kiko gotini. Alikuwa anatetemeka, lakini alitabasamu.

"Umechelewa kidogo, Bi Mwanaidi."

"Mwalimu! Mbona hukuita?"

"Niliita mara moja. Nikaona nasumbua watu na mvua ile. Halafu nikakumbuka jiwe langu liko kikapuni, nikajua mtakuja. Sikuwa na wasiwasi."

Nilitakiwa kumwambia palepale. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni hiki: "Ndiyo, Mwalimu. Jiwe ndilo lililonileta."

Nikapiga filimbi mpaka Shabani na wenzake wakaja na machela. Hospitali, nesi alimuuliza jina la ndugu wa kupigiwa simu. Alifikiri muda mrefu, mpaka nesi akainua kichwa kutoka kwenye karatasi. Mwishowe akasema, "Andika Bi Mwanaidi wa hifadhini." Tangu usiku ule hakuna mtu aliyekuwa ameuliza alipo. Hakuna hata mmoja.

Mguu ulipona, akawa anarudi kila kiangazi na viazi vyake. Na kila akija, balaa langu linaanza upya. Anasimama getini anawahutubia wageni kama darasa: "Wekeni mawe yenu vizuri, ndugu zangu. Kikapu hiki kiliniokoa. Huyu mama aliona jiwe moja tu, akanifuata." Watu wanapiga makofi, mimi natazama chini. Kila mwaka nilisema nitamwambia mwaka huu, tukiwa wawili tu, tukinywa chai yake. Kila mwaka nilikunywa chai nikanyamaza. Habari ya kifo chake niliipata kwa mgeni mmoja wa mtaani kwake, arobaini imeshapita. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu huyu amekua mkubwa.

Baada ya siku ile ndipo nilipoelewa kanuni ya Mzee Pazi. Jiwe lisilale kikapuni maana yake umfuate mwenye jiwe kabla giza halijaingia. Mzee aliona jambo hilo liko wazi kiasi kwamba halihitaji kuelezwa. Kanuni ya pili niliifuta. Nyote niliowafundisha mnakumbuka: mwito wa kwanza, itika. Zuhura alipoogopa, nilimwambia hata kama ni jini aitike, jini aliyepanda mlima ule kwa miguu naye amechoka.

Sasa niko Sofu. Nyumba yangu ni ya kona, ina geti dogo, na majirani zangu huondoka alfajiri kwenda Dar na hurudi taa zimewashwa. Ni watu wema. Wananiita "bibi wa kona". Muuza genge ananiita "mama", kama anavyowaita wote. Mwanangu yuko Mbeya, anapiga simu Ijumaa akikumbuka, na yeye pia ananiita mama, ndivyo inavyotakiwa. Siku moja nikiwa nafagia uwanja nikagundua kwamba tangu mliponiaga sijasikia mtu akitamka jina langu. Nikalitamka mwenyewe, pale pale na ufagio mkononi. Halikusaidia kitu.

Upweke upo, sitawadanganya. Nilidhani miaka ya mkiani imenizoesha. Kumbe mkiani walau una migongo ya kutazama.

Ndiyo maana nikaja ile Jumanne. Mlidhani nimekuja kuwasalimia, na kweli niliwasalimia. Zuhura alikataa kiingilio changu, nikamgombeza mpaka akakipokea. Siku hizi mnaandikisha wageni kwenye kishikwambi, lakini nilikiona kikapu kiko palepale chini ya meza, na moyo ukatulia. Nikainama nikaokota jiwe. Nilichagua kwa muda mrefu, msichana wa nyuma yangu akaanza kuguna. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutia jiwe langu mle.

Nikapanda na wanafunzi wa chuo. Mwongozaji wenu mpya aliniweka katikati kwa heshima, na njia nzima mgongo uliniwasha kwa kujua kuna watu nyuma yangu. Tulipomaliza kula, nikamwambia kijana wa mkiani, "Nyie shukeni. Mimi napita njia ya mkato." Akasitasita. Nikamwambia njia ile niliikata mimi kabla yeye hajazaliwa. Angesema nini? Akashuka. Msimlaumu, ila mwambieni safari nyingine asikubali, hata kwa bibi.

Sikupita njia ya mkato. Nilikwenda nikakaa chini ya jabali la tatu, pale alipokaa Mwalimu. Nilijiambia napumzisha magoti, na magoti hayakuwa na neno. Nilitaka kujua. Chini kule nani ataona? Watasema Bi Mkia anaijua njia kuliko nyoka, amekwisha kupita, yuko barabarani anangoja bodaboda. Mmoja atalitoa jiwe langu atalitupa, kwa nia njema kabisa, kama nilivyofanya mimi. Kivuli cha jabali kikarefuka kikapita miguuni pangu. Ile bahari kule mbali ikafifia. Niliogopa, jamani. Sikuogopa chui wala giza. Niliogopa kushuka mwenyewe nikakuta geti limefungwa.

Ndipo nikasikia, kutoka kwenye kona ya mwisho ya njia: "Bi Mwanaidi!"

Nilikaa kimya.

Kukapita kitambo. Kisha tena, kwa nguvu, na safari hii sauti imepasuka katikati: "Bi Mwanaidi! Uko wapi?"

"Naam!" nikaitika. "Niko huku!"

Zuhura alitokea anahema, matope mpaka magotini, jiwe langu kalishika mkononi. "Wee bibi wee! Unataka kuniua? Kikapu kina jiwe moja, tumekaa tunalitazama! Wanasema umeshapita, mimi nikasema sifungi. Jua lile linazama, wewe umekaa tu!" Akajifuta uso kwa mtandio. "Kwani hukunisikia mara ya kwanza?"

"Upepo, mwanangu," nikamwambia. "Upepo ulikuwa mwingi."

Akaniinua. Alinitanguliza mbele, yeye akakaa nyuma yangu, na njia nzima nilisikia buti zake zikija. Getini akanipa jiwe, nikalitupa mwenyewe.

Kwa hiyo, Zuhura, ukurasa ulioomba ndio huu. Mwalimu Gervas nilimdanganya mara moja, nikashindwa kujirekebisha mwaka baada ya mwaka, akafa hajui. Kwako sitaki kuchelewa tena. Siku ile hakukuwa na upepo. Nilikusikia tangu mara ya kwanza. Nilitaka uniite tena.